Nimekwama Novigrad, Blighttown na shule ya ndege: nirudie au nifute?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo: "Mkuu, mi nina gemu kama kumi na kitu nimezianza na hamna hata moja nimeimaliza. Witcher 3 nimeishia Novigrad. Dark Souls nimeishia Blighttown. Red Dead Redemption 2 sijatoka hata kwenye theluji. San Andreas ndo usiseme, toka niko mdogo nimeishia kwenye ile shule ya ndege. Kila nikiwasha naiangalia ile listi nasikia aibu, halafu naishia kupiga mechi mbili za mpira na kuzima. Nina tatizo gani? Nizirudie au nizifute?"

Mkuu, aibu iweke pembeni kwanza maana hapo ulipo ndo wengi walipo. Mwaka 2011 kampuni ya Raptr, ambayo ilikuwa inafuatilia watu wanacheza nini, ilitoa namba kwamba kwenye Red Dead Redemption ile ya kwanza, ya 2010, gemu iliyosifiwa kila kona na kubeba tuzo kibao, ni asilimia 10 tu ya wachezaji waliofika misheni ya mwisho. Kumi, mkuu. Yaani kwenye kila watu kumi walioingia, tisa hawajui John Marston, yule mhusika mkuu, aliishia wapi, au wanajua kwa kuhadithiwa.

Na siku hizi huhitaji kampuni ikwambie. Xbox walianza kuhesabu 2005 wachezaji wamefika wapi kwenye gemu, Steam, lile duka la gemu za kompyuta, wakafuata 2007, PlayStation wakaleta trofi 2008, yaani alama unayopewa ukifika hatua fulani, na kila trofi unaweza kuona asilimia ya watu walioipata. Fungua gemu yoyote ya stori unayoipenda, angalia trofi ya sura ya kwanza halafu shuka nazo mpaka ya mwisho. Utaona namba zinavyoporomoka, na haziporomoki sawasawa, zinateleza kidogo kidogo halafu ghafla unafika mahali pana shimo. Hata ile trofi ya bure ya kumaliza mafunzo ya kubonyeza vitufe haifiki mia kwa mia, maana kuna watu waliwasha, wakaona nembo, wakaitwa kula, ikawa ndo basi.

Sasa mi nimekaa miaka kadhaa kwenye kazi ya kutesti gemu kabla hazijatoka, na kitu nilichotoka nacho huko ni hiki: mtu akikwambia kwa nini ameacha gemu usimwamini sana, we muulize ameishia wapi. Kila mtu atakwambia "nilikosa muda". Muda gani, na juzi kakesha na gemu nyingine mpaka saa tisa usiku? Hadanganyi makusudi, hajui tu. Ila faili lake la kusevu linajua. Kwa hiyo maelezo yako ya aibu nimeyaruka, nimeenda moja kwa moja kwenye yale majina manne, na nikwambie tu kwamba una matatizo manne tofauti ambayo umeyaweka kwenye gunia moja ukaliandika "mi mvivu".

Tuanze na Blighttown maana hiyo ni rahisi, pale sio wewe, ni pale. Unashuka kwenye ngazi za mbao zilizooza, giza, njia nyembamba hazina kingo, halafu kuna wale jamaa wamejificha pembeni wanapuliza vishale vya sumu, na sumu yenyewe sio ile ndogo, ni ile kali inayokula damu mpaka unakufa umesimama. Kwenye PS3 na Xbox 360 ilikuwa mbaya zaidi maana konsoli zenyewe zilikuwa zinazidiwa, fremu zinashuka, yaani picha inakwama-kwama, unabonyeza kuruka sasa hivi mtu anaruka baadaye. Watu wengi wazuri tu, waliomuua bosi baada ya bosi, wale maadui wakubwa, walikunja mkeka pale. Toleo jipya la 2018 limerekebisha hilo la fremu, kwa hiyo kama unacheza lile la zamani na unaweza kupata hilo jipya, hama.

Lakini kuna kitu kimoja ukikijua Blighttown inabadilika kabisa. Maadui wengi wa Dark Souls ukipumzika kwenye moto wanafufuka, si ndio, sasa wale wapuliza vishale hawafufuki. Ukimuua mmoja kaenda moja kwa moja. Maana yake safari yako ya kwanza kule usiichukulie kama safari ya kupita, ichukulie ni safari ya kuwasaka wao tu, unashuka na majani ya zambarau ya kutibu sumu, ile aina inayochanua, unaua wawili unakufa, sio mbaya, unashuka tena unaua wengine. Kule chini kwenye tope kuna moto wa kupumzikia umefichwa ndani ya bomba, ukishauwasha huna haja ya kuzishuka tena zile ngazi ukifa, na kutoka hapo mpaka kwa Quelaag, bosi wa kule, sio mbali. Na kama ulipoanza ulichagua ule ufunguo mkuu kama zawadi basi hata ngazi hukutakiwa kuziona, unapita eneo jingine linaloitwa New Londo unatokea karibu kabisa na tope. Wengi walikuwa nao mfukoni na hawakujua, inauma.

Kwa hiyo Dark Souls usiifute. Uliiacha kwa sababu ya kona moja mbaya, na mbele ya ile kona kuna gemu nzuri sana.

San Andreas nayo ni kona moja ila ya aina nyingine. Hapa gemu imekubadilishia somo katikati ya mtihani. Saa zote umefundishwa kuendesha gari, kupiga risasi, kupanda baiskeli, halafu ghafla Mike Toreno, mmoja wa wanaokupa misheni, anakwambia nunua uwanja wa ndege wa jangwani uanze masomo kumi ya urubani, na bila kufaulu stori haisogei. Ni kama mtu amekuajiri upike halafu mwezi wa tatu anasema kabla hujaendelea kupika tuletee leseni ya udereva. Hasira yako ni ya halali. Ila na wewe najua ulifanya nini, maana wote tulifanya: ulikuwa unataka medali ya dhahabu kila somo. Hapana, shaba inatosha, stori inaendelea na shaba zote kumi. Kunja magurudumu mara tu ndege ikiacha ardhi, ndege inapata spidi, watu wengi wanazunguka kile kiwanja magurudumu yananing'inia halafu wanashangaa muda unaisha. Kwenye kugeuza, ilaze ndege kidogo tu halafu vuta pua juu, yenyewe itakata kona, ukiilaza sana inaanguka. Mi nilikwama pale kwenye lile somo la kuzunguka na kutua karibu miezi miwili, kila jioni najaribu mara tano naweka pedi chini kwa nguvu kidogo kuliko jana yake, na siku niliyopita nilipita kwa sababu nilikuwa nimechoka na nikawa naigusa ile fimbo kivivu.

Halafu zile misheni za Zero, yule jamaa wa duka la vitu vya rimoti, za kindege cha rimoti kinachoisha mafuta, kama na zenyewe zimekutesa ziache. Sio za lazima, stori inaisha bila Zero. Nimekutana na watu walioacha gemu nzima kwa ajili ya kile kindege, hawajui kwamba walikuwa huru kuondoka muda wowote.

Na usidhani watengenezaji wote hawajui kwamba wamekuwekea kisiki. Wengine walikiweka makusudi. The Lion King ya 1994, levo ya pili, wale nyani wanaokurusha huku na huku, wa pinki unatakiwa kuwaungurumia ili wakurushe upande mwingine, watoto wa kizazi kizima waliishia pale. Louis Castle wa Westwood Studios walioitengeneza alikuja kusimulia kwamba ugumu ule uliongezwa kwa sababu ya biashara ya kukodisha, gemu isije ikamalizika wikendi moja halafu mtu asinunue. Wengine walikosea tu na wakaja kukiri, kama lile hekalu la maji kwenye Zelda Ocarina of Time ya 1998. Watu wanasema lilikuwa gumu kwa mafumbo, mi nabisha, mafumbo yalikuwa ya kawaida, tatizo lilikuwa viatu. Kuzama unavaa viatu vya chuma, kuelea unavua, na kila kuvaa na kuvua unasimamisha gemu, unafungua menyu, unaenda ukurasa wa mavazi, unachagua, unafunga, unazama, unagundua sio huku, unasimamisha tena. Fanya hivyo mara hamsini uone kama utampenda Link, huyo unayemchezesha. Eiji Aonuma mwenyewe, mmoja wa walioitengeneza, amewahi kuomba radhi kwa ajili ya lile hekalu, na lilipokuja toleo la 3DS 2011 viatu vikawekwa kwenye kitufe, unagusa mara moja umevaa, unagusa tena umevua. Hekalu lile lile, na kelele zikapungua sana. Kwa hiyo wakati mwingine kinachomfukuza mtu kwenye gemu ni sekunde nne za menyu zilizorudiwa mpaka moyo ukachoka, na mwenyewe atakwambia "nilikosa muda".

Haya sasa, Witcher 3, maana hapa ndo kwenye ugonjwa wenyewe.

Umetoka Velen, lile eneo la vijiji na mabwawa, umemaliza mambo ya Baron, mkubwa wa kule, stori nzito, una donge kooni, unaingia mji wa Novigrad unamtafuta Ciri, yule binti ambaye stori nzima inamhusu. Ili umpate Ciri lazima umpate Dandelion, rafiki yako mwimbaji. Ili umpate Dandelion unazungukia wanawake wake mmoja mmoja majumbani kwao. Wanakupeleka kwa Priscilla, mwimbaji mwenzake, ukitoka huko unajikuta kwa Dijkstra, mmoja wa vigogo wa uhalifu wa mji, ambaye hazina yake imeibiwa, unaingia kwenye mambo ya majambazi, na mwisho wa siku uko jukwaani unaigiza tamthilia ili umvute mtu anayejigeuza sura. Sijatunga, ndo ilivyo. Ukiicheza mfululizo ndani ya wiki moja ni kitamu kabisa, kuna vichekesho, kuna watu. Ukiicheza saa moja Jumatano na saa mbili Jumamosi, ukifika kwa Dijkstra umeshasahau kwa nini ulikuwa unamtafuta huyo wa kwanza.

Halafu nina uhakika karibu wote kwamba njiani ulikuwa unasafisha ramani. Kila alama ya kuuliza umeenda, kila ubao wa matangazo umebeba karatasi zote, umetoka Velen uko levo ya juu kuliko misheni yenyewe, adui hakutishi na stori iko mbali. Hii ni hesabu ya kawaida tu mkuu. Stori peke yake ya Witcher 3 inachukua kama saa 50, ukiongeza ya pembeni unavuka 100. Mtu mwenye kazi zake anacheza labda saa tano kwa wiki. Mia gawanya kwa tano, wiki ishirini, karibu miezi mitano ya gemu moja, na ndani ya miezi mitano lazima kuna wiki utasafiri, kuna wiki utaumwa, kuna gemu mpya itatoka marafiki wote wako huko. Kwa hiyo hukuiacha Witcher. Ulizima siku moja ukiwa na nia ya kurudi kesho, na kesho yenyewe haikuja. Kwenye kazi ile ya kutesti tulikuwa tunapewa siku nzima kwa gemu kwa hiyo hili hatukuliona kabisa, mpaka nilipoacha kazi nikawa nacheza usiku kama binadamu wengine ndo nikaelewa.

Dragon Age: Inquisition ya 2014 iliwafanyia watu hivi hivi mapema zaidi. Ramani ya kwanza kubwa, Hinterlands, ilijaa vijikazi, okota majani kumi, uza ngozi, funga mpasuko ule, watu wakakaa humo saa kumi, ishirini, wakidhani ndo gemu yenyewe, wakachoka wakaondoka, mpaka ushauri mkubwa wa kipindi kile kwa mtu anayeanza ukawa maneno mawili: toka Hinterlands. Wewe Hinterlands yako iko Novigrad.

Sasa kurudi. Najua ulishajaribu, tena zaidi ya mara moja, na ilikuwa hivi: unalodi ile sevu, Geralt, huyo unayemchezesha, amesimama mbele ya mlango hujui wa nani, begi limejaa mapanga na mifupa na vidole vya mazimwi, hukumbuki kitufe cha kukwepa na cha uchawi ni vipi, unatoka nje ya geti unakutana na vile vizimwi vya mtoni vitatu, vitu ulivyokuwa unavifyeka kama nyasi, vinakuua. Unazima. Unaingia kwenye mpira. Hapo ndo gemu nyingi zinafia, ile dakika kumi ya kwanza ya kurudi, na wachezaji wachache sana wanajua kuipita kwa sababu tunaona aibu kuanza kama wageni kwenye nyumba yetu wenyewe.

Ukirudi safari hii usiguse stori siku ya kwanza. Kabisa. Wakati inalodi msikilize Dandelion, anasimulia ulipofikia, sio kelele za kupoteza muda yale. Halafu rudi kule White Orchard, eneo la kwanza kabisa, au Velen ya mwanzo, pigana na mbwa mwitu nusu saa, vidole vikumbuke vyenyewe, uza ule uchafu wote wa begini, zima. Siku ya pili fungua daftari la misheni, chagua ile moja kuu, zingine zote zifumbie macho. Na shusha ugumu mpaka chini kabisa, unaweza kubadilisha muda wowote na hakuna anayekuona. Mtu aliyekaa miezi minane nje hana sababu ya kuendelea na ugumu aliokuwa nao akiwa amepasha moto. Ukishavuka Novigrad na ukaja kufika Kaer Morhen, ile ngome ya kina Geralt, gemu inakimbia yenyewe, hutahitaji ushauri wa mtu.

Kwenye hili la kushusha ugumu najua kuna watu watanisema. Waseme. Watengenezaji wenyewe walishaacha ubishi huo zamani, Celeste ya 2018 ni gemu ngumu kweli na bado ina sehemu ya kukuruhusu upunguze spidi ya gemu nzima, na Hades ina setingi ambayo ukiiwasha unapunguziwa maumivu kwa asilimia 20, na kila ukifa inaongeza 2, mpaka 80. Yaani gemu inakuinua taratibu kadiri unavyoanguka. Ningekuwa na uwezo ningeiweka hiyo kwenye shule ya ndege. Na ningechukua kile kitu cha Pokémon FireRed ya 2004, ukiwasha kinakuonyesha kwa kifupi vitu vichache vya mwisho ulivyofanya kabla hujazima, kitu kidogo hivyo nikashangaa kwa nini kila gemu ya saa mia haikukiiga siku ile ile.

Red Dead 2, fupi. Umeishia kwenye theluji, maana yake hukuwahi kuianza. Sura ya kwanza ni mwendo wa farasi kwenye theluji na mazungumzo, na ndani ya gemu nzima Arthur, mhusika wako, anafungua kila droo kwa mkono, anachuna kila mnyama hatua kwa hatua. Mi naipenda sana kwa sababu hiyo hiyo, mke wangu aliicheza jioni moja akaniuliza "huyu mtu anaumwa?" Hakuna aliyekosea kati yetu. Ipe mpaka Horseshoe Overlook, sura ya pili, kambi imefunguka, jua linawaka, cheza hapo jioni mbili. Kama bado unaangalia saa, futa, na ukifuta usiiweke kwenye listi ya madeni, maana kuonja chakula ukaona sio chako sio kushindwa kula.

Na hiyo listi yenyewe mkuu, hebu iangalie vizuri. Kwenye hizo kumi na kitu ngapi ulizichagua? Duka la Epic wamekuwa wanagawa gemu bure toka mwishoni mwa 2018, huduma za kulipia kwa mwezi zinakumwagia mamia kwa mpigo, na punguzo la Steam unanunua tano kwa sababu zimeshuka bei. Mtu akikuletea mzigo wa vitabu mlangoni hujawa na deni la kuvisoma. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika 1927 kwamba kazi iliyokatizwa inakaa kichwani kuliko iliyokwisha, wengine wamekuja kumpinga baadaye, ila mi nikiangalia ile kero unayoisikia ukiwasha konsoli naona kama alikuwa na hoja. Dawa yake ni kuondoa zile picha kwenye skrini. Futa zote isipokuwa San Andreas, Dark Souls na Witcher, na Red Dead 2 kama imepita zile jioni mbili, sevu nyingi zinabaki hata ukifuta gemu, ila hakikisha kabla hujabonyeza. Na kama ndani kuna Minecraft iondoe tu kwenye hesabu, ina mwisho, kuna joka na kuna maneno marefu yanayopita baada ya kuliua, toka 2011 yapo, na nusu ya watu wanaoicheza ninaowajua hawajawahi kuliona hilo joka na hawana habari.

Kwa hiyo anza na San Andreas kwa sababu unahitaji jioni mbili tu na shaba kumi, halafu Dark Souls ukawasake wale wapuliza vishale, Witcher iache mpaka upate wiki mbili tatu ambazo hazina kitu kipya kinachotoka. Na ukishamtoa Dandelion huko ukafika visiwa vya Skellige utapata mtumbwi, ukifungua ramani utaona bahari nzima imejaa alama za kuuliza. Ni masanduku ya magendo, moja baada ya jingine, na nguva wenye mabawa wanakushambulia kila ukisimama. Usiende hata moja.